Mashine Iliyofundishwa na Majuto

Januari 2017, kwenye kasino ya Rivers mjini Pittsburgh, Marekani, Dong Kim aliketi mbele ya kompyuta kucheza poka na mpinzani asiye na uso. Hilo peke yake halikumbabaisha. Yeye na wenzake watatu, Jason Les, Jimmy Chou na Daniel McAulay, walikuwa mabingwa wa poka ya watu wawili isiyo na kikomo cha dau, na riziki yao waliitafuta zaidi kwenye intaneti, ambako hakuna jasho la mpinzani la kuchungulia. Zile hadithi za filamu za kusoma macho ya mtu ziwekeni kando.

Mpinzani huyo aliitwa Libratus, programu iliyoundwa na Tuomas Sandholm na mwanafunzi wake Noam Brown katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Wangecheza siku 20, migao 120,000. Ili asitokee wa kulalamikia bahati, kila mgao uligawiwa mara mbili: karata alizopata mchezaji mmoja dhidi ya mashine, mashine ilizipata dhidi ya mwenzake aliyetengwa chumba kingine.

Bahati ndiyo adui wa kazi ya poka. Una ree mbili mkononi, mwenzako ana wafalme wawili, nyote mmeweka kila mlicho nacho. Utashinda takriban mara nne kati ya tano. Ile mara ya tano unarudi nyumbani mikono mitupu, na hukukosea chochote. Mchezaji wa kubahatisha hujilaumu usiku kucha. Anayekula kwa karata hujiuliza swali moja tu: uamuzi ulikuwa sawa? Akijibu ndiyo, analala. Wengi hawawezi, na naamini hapo ndipo wanapofilisika, si kwenye hesabu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mashine haikumngoja mjukuu azaliwe. Njia iliyoitumia, iliyochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwaka 2007, imejengwa juu ya majuto yenyewe. Inacheza na nafsi yake. Kila ilipofanya uamuzi inageuka nyuma na kupiga hesabu: ningetupa karata ningeokoa kiasi gani? Ningepandisha dau je? Haihesabu karata zile tu alizokuwa nazo mpinzani, bali zote ambazo angeweza kuwa nazo. Tofauti inaandikwa kama deni la majuto, na safari ijayo hatua yenye deni kubwa inachaguliwa mara nyingi zaidi. Mwanzoni inacheza kama mlevi. Baada ya migao isiyohesabika, wastani wa uchezaji wake unakaribia mahali ambapo mpinzani hana pa kuushika.

Hakuna aliyeifundisha danganya toto, yaani kuweka dau kubwa bila karata nzuri. Iliivumbua yenyewe, kwa sababu anayeweka dau kubwa pale tu anapokuwa na karata nzuri hapati wa kumlipa. Ilifika hata kuweka maelfu ya dola kugombea mamia machache yaliyokuwa mezani, jambo ambalo kocha yeyote angelikemea. Kim alisema alihisi kama anacheza na mtu anayeziona karata zake.

Jioni wachezaji walikutana, wakafungua rekodi za siku na kusaka ufa. Waliupata, mara kadhaa. Lakini usiku, wao wakiwa usingizini, kompyuta kubwa ya Bridges ilipitia madau yaliyoisumbua programu mchana na kuziba nyufa hizo moja moja. Kesho yake ufa haupo.

Mwisho mashine iliwapita kwa dola 1,766,250 za kuhesabu tu. Hakuna aliyetoa mfukoni, na wote wanne waligawana dola 200,000 kama zawadi ya jitihada zao. Siku hizi wataalamu wengi wa madau makubwa hutumia saa nyingi wakisoma na programu za jamii hiyo, na yale madau ya kichaa sasa yamekuwa somo la kawaida.

Les alipoteza 880,087. Kim ndiye aliyeumia kidogo kuliko wote: 85,649 kwa migao 30,000 hivi, pungufu ya dola 3 kwa kila mgao, katika mchezo ambao dau la kufungulia lilikuwa 100.