Kabla ya kulipia meza ya mtandaoni ya Dungeons & Dragons, angalia kwanza simu za wachezaji

Hadithi imefika patamu. Joka liko mlangoni, wachezaji watano wako tayari, kila mmoja nyumbani kwake. Msimamizi wa mchezo anafungua ramani aliyoiandaa wiki nzima. Watatu wanaiona. Wa nne anaona duara linazunguka tu. Wa tano yuko kwenye simu, vitufe ni vidogo kama punje za mtama, na kila akigusa kete yake inasogea ramani nzima. Nusu saa inaishia kwenye "mnanisikia?" na "toka uingie tena".

Makundi mengi huvunjikia hapo, tena mapema. Wanaoanza huuliza programu ipi ni nzuri kuliko zote. Swali lenye faida ni jingine kabisa: je, mwenye kifaa dhaifu kuliko wote kundini ataweza kuifungua?

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua yasiyo na uhakika, hasa ile maarufu ya pande 20. Ni kama hadithi za paukwa pakawa, ila wasikilizaji ndio wanaoamua sungura afanye nini, na dadu ndiyo inayosema kama amefaulu au ameumbuka.

Watu wakiwa mbali mbali, kinachohitajika ni meza ya mtandaoni. Hii ni programu inayoonyesha ramani moja kwa wote, kete za wahusika, dadu, na kiza kinachofunika vyumba ambavyo hawajafika. Nyingine huweka na karatasi ya mhusika, yaani nguvu zake, silaha zake na uhai uliobaki. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Jina linalotajwa mara nyingi ni Roll20, iliyoanza mwaka 2012 kwa michango ya mtandaoni. Inafunguka kwenye kivinjari, haihitaji kupakuliwa, na akaunti ya bure inatosha kuanzia. Wanaolipa wanapata nafasi kubwa ya kuhifadhi picha na vitu vya ziada, kama mwanga unaobadilika kadiri mhusika anavyotembea na tochi. Jambo zuri ni kwamba msimamizi akilipa, wachezaji wake hawalazimiki kulipa.

Ubaya wake? Ilijengwa kwa ajili ya skrini pana na mausi. Kwenye kompyuta iko sawa, kwenye tableti inavumilika, lakini kwa simu ya kawaida kuburuta kete ni kazi ya subira. Na mwanzoni mwa 2019 iligundulika kwamba taarifa za akaunti kama milioni 4 za Roll20 zimeibwa. Kwa hiyo anayejisajili huko, au kwenye huduma nyingine yoyote ya aina hii, asitumie nenosiri lilelile la barua pepe yake.

Foundry ilikuja Mei 2020 na mpango tofauti. Msimamizi analipa mara moja tu, dola 50, na leseni inakuwa yake. Wachezaji hawalipi kitu, wanaingia kwa kivinjari. Ina uwezo mkubwa kiasi kwamba mashabiki wake huongea kama wameokoka.

Kuna kitu kimoja hapa ambacho matangazo hayakitaji kwa sauti. Foundry haiji na seva. Kompyuta ya msimamizi ndiyo inayogeuka seva, na wachezaji wanapiga hodi kwake kupitia intaneti. Ili waingie lazima mlango ufunguliwe kwenye ruta. Anayetumia intaneti ya simu mara nyingi hawezi kuufungua, kwa sababu kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Ni sawa na jengo lenye vyumba 500 na kengele moja: mgeni anabonyeza, na hakuna anayejua anamtafuta nani.

Njia zipo. Msimamizi anaweza kukodi seva kwa kampuni zinazotoa huduma hiyo, lakini basi ile "lipa mara moja" inageuka kuwa lipa kila mwezi. Au atumie programu za kupitisha njia ya siri hadi kwenye kompyuta yake, jambo linalotaka mtu asiyeogopa kuchokonoa mitambo. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kutoa dola 50. Na simu? Foundry haijatengenezwa kwa ajili yake. Mashabiki wameunda viongezeo vya kusaidia, ila anayetegemea hivyo ajiandae kwa siku vitakapokwama baada ya toleo jipya kutoka.

Fantasy Grounds ni mzee wa kazi, yupo tangu 2004. Anajua kanuni za mchezo na kupiga hesabu za vita mwenyewe. Lakini ni programu ya kompyuta, kila mchezaji lazima aiweke kwenye kompyuta yake. Kundi lenye hata mmoja wa simu lipite tu.

Anayecheza kwa simu atapumua kidogo akifika Owlbear Rodeo. Hii nayo ni ya kivinjari, imeanza 2020, na imerahisishwa makusudi. Msimamizi anafungua chumba, anatuma linki kwenye grupu la WhatsApp, wachezaji wanabonyeza na wako ndani, bila hata kufungua akaunti. Ramani, kete, dadu, kiza, basi. Akaunti ya bure ina mipaka ya vyumba na hifadhi, lakini kundi moja linatosha. Haijui kanuni wala haihesabu uhai wa mtu mpaka iongezewe viambatisho, kwa hiyo karatasi ya mhusika inabaki ile ya daftari na kalamu. Kwa wengi hilo halipunguzi utamu.

Wanaodhani kampuni kubwa ndiyo salama zaidi wana la kujifunza kwa Wizards of the Coast, wamiliki wa Dungeons & Dragons wenyewe. Agosti 2022 walionyesha meza yao mpya yenye picha za pande tatu, baadaye ikaitwa Sigil. Ilijengwa kwa Unreal Engine 5, ileile inayotumika kwenye gemu nzito, na ilidai kompyuta ya maana. Ilifika kwa watumiaji mwanzoni mwa 2025. Machi ya mwaka huohuo sehemu kubwa ya timu iliyoijenga ikapunguzwa kazi, na kabla mwaka haujaisha ikatangazwa kwamba itafungwa. Ilikuwa nzuri kuitazama. Ila kundi la watu watano wenye vifaa vitano tofauti lingeiwasha vipi?

Kampuni hiyohiyo, Januari 2023, ilileta rasimu ya leseni mpya iliyotaka kuamua meza za wengine zionyeshe nini. Kutumia ramani na dadu sawa, lakini picha ya kombora la uchawi likiruka kuelekea kwa adui, hapana. Wachezaji walikuja juu, wengi wakafuta usajili wao, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kuziachia kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons.

Ndiyo maana, kabla ya kuwekeza miezi ya kazi mahali fulani, inafaa kuuliza vitu vinakaa wapi. Kwenye Foundry kila kitu kiko ndani ya folda inayoweza kunakiliwa kwenye fleshi. Kwenye Roll20 viko kwenye seva za kampuni. Huko msimamizi mjanja hatupi ramani zake za asili wala maelezo ya hadithi; anayaweka pia kwenye simu au kompyuta yake.

Kisha kuna bando. Ramani ya megabaiti 15 inapakuliwa na kila mchezaji, kwa hiyo watu watano ni megabaiti 75, kwa ramani moja, usiku mmoja. Picha za PNG ndizo zinazokula sana. Zikigeuzwa kuwa JPEG au WebP hupungua mara kadhaa, na macho hayaoni tofauti kubwa. Ramani ya pili isiwekwe kwenye meza mpaka itakapohitajika. Video nayo ifungwe. Kinachobeba mchezo huu ni sauti.

Wapo pia wanaocheza bila meza yoyote. Msimamizi anasimulia kwa simu ya pamoja ya WhatsApp au chumba cha sauti cha Discord, kila mtu anajenga picha kichwani, na dadu zinarushwa na roboti ya Discord ili asiwepo anayejipa 20 kila mara. Wengine wanacheza kwa maandishi kabisa, ujumbe mmoja asubuhi, mwingine jioni, na vita ya dakika tano inaweza kuchukua wiki. Inafaa kwa wenye zamu za kazi na wenye mtandao wa kukatika katika.

Kwa kundi linalotaka meza, jaribio la dakika 10 siku moja kabla linatosha. Linki itumwe kwa yule mwenye simu ya zamani, akiwa kwenye bando lake na si kwenye Wi-Fi ya jirani. Aingie, aione ramani, asogeze kete yake hatua tatu, arushe dadu ya pande 20, huku sauti ikiendelea kwenye simu hiyohiyo. Akishindwa, ijaribiwe meza nyingine iliyo nyepesi kuliko hiyo, kabla hela haijatoka.