Wali wa Soseji na Mchicha: Chakula cha Sufuria Moja

Mama anaporudi nyumbani jioni, awe ametoka ofisini, sokoni au shambani, kazi ya pili huwa inamngoja. Moto haujawashwa, sare za shule zinangoja kufuliwa, na mdogo analia njaa. Mara nyingi chakula huiva watoto wakiwa wamekwisha kulala. Hivyo jamaa ya nyumba moja yaweza kumaliza juma zima bila kuketi pamoja mezani. Hiyo ni hasara, kwa maana hapo ndipo tunaposikia habari za shule na kutambua ni nani ana huzuni.

Ndiyo sababu mwezi huu tunawaletea akina mama chakula kinachopikwa katika sufuria moja, kwa muda wa dakika 40 hivi. Kinatosha watu 5 au 6.

Mahitaji
Mchele vikombe 3
Soseji za ng'ombe 5
Mchicha mafungu 2
Kitunguu kikubwa 1
Nyanya 3
Karoti 1
Kitunguu saumu punje 3
Mafuta vijiko 2 vya chakula
Maji vikombe 5
Chumvi nusu kijiko cha chai
Ndimu 1

Namna ya kupika
1. Chagua mchele, uoshe na uuchuje. Osha mchicha kabla ya kuukata, si baada, ili vitamini zisipotee katika maji.
2. Kata soseji vipande, uzikaange mpaka zigeuke rangi ya kahawia na kuiva hadi ndani. Zitoe uziweke kando.
3. Katika mafuta yale yale kaanga kitunguu, kisha kitunguu saumu, nyanya na karoti, mpaka nyanya zilainike kabisa.
4. Tia mchele, ugeuze kwa dakika 2. Ongeza maji na chumvi. Yakichemka, funika na upunguze moto.
5. Maji yakikaribia kukauka, tandaza mchicha na soseji juu ya wali. Funika tena dakika 5. Anayetumia jiko la mkaa apalie makaa machache juu ya mfuniko.
6. Changanya polepole, kamulia ndimu na upakue kingali moto.

Ukikosa mchicha, tumia sukuma wiki. Ikate nyembamba sana na uitie mapema kidogo, maana majani yake ni magumu.

Mambo ya kuangalia
Ndimu si ya ladha tu. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani, nayo yanahitajiwa sana na mama mjamzito na watoto wanaokua. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo, basi afadhali ingoje.

Soseji zina chumvi nyingi tayari, kwa hiyo usizidishe nyingine. Tena, mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwamo, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Kwa hiyo tunashauri soseji iwe ya siku moja moja tu. Siku nyingine weka mayai ya kuchemsha, dagaa au maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Asiye na friji anunue soseji siku ile ile ya kupika.

Kwa mtoto mdogo, pasua soseji kwa urefu kisha uikate vipande vidogo. Vipande vya mviringo vinaweza kumkaba koo.

Mwisho, mama usibebe kazi hii peke yako. Wavulana kwa wasichana wanaweza kuchagua mchele na kuchambua mchicha, na baba anaweza kukata vitunguu. Kwa kuwa sufuria ni moja, vyombo vya kuosha ni vichache, na muda unaobaki ni wa kukaa pamoja.