Neno «comely» la Kiingereza: maana yake na matumizi yake

Siku hizi vitabu vya Kiingereza vinaingia kwa wingi katika nyumba zetu za masomo. Wenzetu wengine wanakwenda kusoma Nairobi au Kampala, wanarudi navyo. Wengine wanavisoma papo hapo seminarini, pamoja na vile vya Kifaransa na vya Kilatini. Ndiyo faida kubwa, mradi tuelewe vizuri tunachosoma. Basi, kati ya maneno ya Biblia ya Kiingereza limo moja ambalo kamusi hulieleza upesi mno: ni neno «comely». Kamusi inajibu: mzuri wa sura. Jibu hilo si la uwongo, lakini halitoshi. Mwenye kulishika hivyo tu atakwama pahali pengi. Na pahali pamoja, katika Wimbo ulio Bora, anaweza kuwaumiza Wakristu wake pasipo kujua. Tulitazame polepole.

1. Neno lenyewe

Kwanza tujihadhari na mwisho wake. Sisi tuliozoea Kifaransa tunafundishwa kwamba maneno ya Kiingereza yenye kuishia kwa «-ly» ni kama yale ya Kifaransa yenye kuishia kwa «-ment»: yanaeleza namna ya kutenda. Mara nyingi ndivyo. Lakini «comely» halielezi tendo. Ni sifa ya mtu au ya kitu, kama vile -zuri au -refu kwetu. Jina litokalo kwake ni «comeliness», na kinyume chake ni «uncomely». Katika kulitamka, silabi ya kwanza inasikika karibu na «kam», si «kom».

Pili, tusidhani kwamba limetoka katika tendo la «kuja», kwa sababu tu linafanana nalo kwa macho. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa neno «cymlic», maana yake chenye kupendeza, kilichotengenezwa vizuri. Nyakati zilipopita, watu wakalisogeza karibu na neno jingine, «become», ambalo pamoja na maana ya «kuwa» lina maana ya «kufaa, kupasa, kumkaa mtu vema». Hivi «comely» likabeba maana mbili kwa pamoja: kupendeza kwa macho, na kufaa. Mwenye kujua Kifaransa hatashangaa, maana neno «avenant», mwenye sura ya kupendeza, limetoka vile vile katika tendo la zamani lenye maana ya kufaa.

Shikeni jambo hili, ndugu zangu, maana ndilo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata: uzuri wa «comely» ni uzuri unaofaa, uzuri uliokaa pahali pake.

2. Katika usemi wa leo

Waingereza na Wamarekani wana maneno mengi ya kusifu sura. «Beautiful» ndilo lenye nguvu kuliko yote. «Pretty» ni jepesi zaidi, husemwa hasa juu ya wasichana na watoto. «Handsome» husemwa zaidi juu ya wanaume, au juu ya mama mzima mwenye sura ya heshima. Na «comely»? Lenyewe ni la upole. Linamtaja mtu, mara nyingi mwanamke, ambaye uso wake na mwenendo wa mwili wake vinapendeza, bila kuwashangaza watu na bila kujionyesha. Ni mtu ambaye ukimtazama unaona kwamba yote yanapatana.

Lakini leo neno hili ni la vitabuni. Katika mazungumzo ya kila siku hulisikii sana. Linakutwa katika hadithi za zamani, katika mashairi, na mara nyingine katika magazeti, pahali ambapo mwandishi anataka kuchekesha kidogo kwa neno la kizee. Kwa hiyo mwanafunzi asilichukue akaenda kumsifu nalo binti wa watu. Atasikika kama mtu aliyetoka katika karne nyingine, na kusifu mwili wa mwanamke asiye wako kuna hatari zake, hata kwa neno la upole.

Tena tusilichanganye na neno «homely», lililo jirani yake kwa masikio. Kwa Waingereza nyumba au chakula cha namna hiyo ni cha kawaida, chenye kumpa mgeni raha kama yuko kwao. Lakini kwa Wamarekani, mtu akisemwa «homely», maana yake sura yake si nzuri. Mara nyingi linamsema mtu kinyume kabisa cha «comely».

3. Katika Biblia ya Kiingereza

Biblia iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya mfalme James I wa Uingereza inalitumia neno hili mara nyingi. Tukizikusanya sehemu hizo, tunaziona zimegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la sura. Daudi, katika kitabu cha kwanza cha Samweli (16, 18), anasifiwa mbele ya Sauli kuwa mpiga kinanda, shujaa, mwenye busara ya maneno, na pia mtu «comely». Kinyume chake, mtumishi wa Mungu katika Isaya (53, 2) hana «comeliness»: hana uzuri wa kuyavuta macho yetu.

Kundi la pili halina habari ya sura hata kidogo. Zaburi ya 33 (ndiyo 32 katika Vulgata) inasema kwamba kumsifu Mungu ni «comely» kwa watu wanyofu. Mhubiri (5, 18) anasema vivyo hivyo juu ya mtu kula na kunywa na kufurahia matunda ya kazi yake. Mtume Paulo anawauliza Wakorinto (1 Kor. 11, 13) kama ni «comely» mwanamke asali bila kujifunika kichwa. Je, Mtume anauliza kama jambo hilo lina sura nzuri? Hapana, anauliza kama linafaa. Kilatini cha Vulgata kinalionyesha wazi, maana katika zaburi ile na katika waraka huu limo neno lile lile «decet»: inafaa, inapasa.

Ziko hata sehemu ambapo maana hizi mbili zinakutana. Katika waraka huo huo (12, 23-24) Paulo anasema juu ya viungo vya mwili: vile tunavyovificha kwa haya, ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Kiingereza cha 1611 kinaviita hivi «uncomely», na vingine «comely». Hapa ni mwili, ni heshima pia, na huwezi kuvitenga.

4. Neno la Kiebrania lililo nyuma yake

Wenye kutafsiri hawakulichagua neno hili ovyo. Katika sehemu nyingi za Agano la Kale ambapo waliandika «comely», Kiebrania kina «naveh», na kwa mwanamke «navah». Neno hili nalo lina pande mbili. Upande mmoja ni kupendeza. Upande mwingine ni kufaa: Methali (17, 7) zinasema kwamba maneno makuu si «navah» kwa mpumbavu, yaani hayamfai.

Kiebrania kina neno jingine kwa uzuri wa sura, nalo ni «yafah». Katika Wimbo ulio Bora (6, 4) bwana arusi anayatumia yote mawili katika aya moja: mpenzi wake ni «yafah» kama mji wa Tirsa, ni «navah» kama Yerusalemu. Waingereza wa 1611 wakaandika «beautiful» kwa la kwanza na «comely» kwa la pili. Waliziona tofauti, wakazilinda.

Mtakatifu Yeronimo alifanya kwa namna nyingine. Katika Wimbo huo, kwa neno hili moja la Kiebrania na tendo la shina lake, aliandika mara «formosa», mara «pulchrae», mara «decora», na pahali panaposema maneno ya bibi arusi akaandika «dulce», yaani tamu. Hakukosea. Kila pahali alitafuta neno linalopatana na kitu kinachosifiwa: mtu, mashavu, uso, usemi. Hapo na sisi tunapata somo: neno moja la lugha ya kwanza si lazima lipewe neno moja tu katika lugha yetu, bali maana yake isipotee.

5. Msichana mweusi wa Wimbo ulio Bora

Sasa tufike penye uzito. Katika sura ya kwanza ya Wimbo (aya ya 5, katika Vulgata ni ya 4), bibi arusi anawaambia binti za Yerusalemu mambo mawili juu yake mwenyewe: kwamba ni mweusi, na kwamba ni «navah», «comely». Kati ya mambo hayo mawili Kiebrania kimetia herufi moja tu, «ve». Herufi hii huweza kuwa «na», huweza kuwa «lakini», kwa kufuata maneno yanayoizunguka. Wagriki wa kale waliandika «kai», yaani «na». Yeronimo aliandika «sed», yaani «lakini», na Waingereza wa 1611 wakamfuata. Tafsiri moja ya Kiingereza ya mwaka 1989, iitwayo New Revised Standard Version, imerudi kwenye «na».

Neno «lakini» hili limesikika sana katika Eklezia, maana aya hiyo ilikuwa antifona katika Vesperi za Bikira Maria, kabla ya matengenezo ya liturujia yaliyofuata Mtaguso wa Vatikano II. Fikirini sasa mkatekista anayelifafanua mbele ya wasichana wa kijiji chetu: «Mimi mweusi, lakini mzuri.» Wanasikia nini? Wanasikia kwamba weusi ni kosa, na uzuri ni samahani ya kosa hilo. Na wasichana hao hao wanaziona sokoni dawa za kupakaa ili ngozi igeuke nyeupe. Nyingine zina zebaki, yenye kuharibu figo. Nyingine zina hidrokinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi madoa meusi kuliko mwanzo. Je, tuwaongezee mzigo kwa herufi moja iliyofafanuliwa vibaya?

Basi tusome aya inayofuata. Bibi arusi mwenyewe anaeleza sababu: ndugu zake walimkasirikia, wakamweka kulinda mashamba ya mizabibu, na jua likamchoma. Weusi wake ni alama ya kazi. Hasemi habari za taifa lake, na sisi tusimfanye Mwafrika kwa nguvu, hata kama tungependa. Anawajibu wale wanaomkazia macho kwa sababu hakukaa kivulini kama wao. Anajifananisha na hema za Kedari, tena na mapazia ya Solomono. Neno alilojipa ni «navah»: mimi ni wa kupendeza, mimi ninafaa kwa bwana wangu, ninastahili kusimama hapa. Ukiandika «na» au «lakini», neno hilo linabaki na nguvu yake yote.

Ni kweli, Mababa wengine wa Eklezia waliufanya weusi huo kuwa mfano wa dhambi, na uzuri kuwa mfano wa neema. Origene aliona katika bibi arusi huyu Eklezia iliyokusanywa kutoka mataifa, akamfananisha na mke Mwetiopia wa Musa na malkia wa Saba. Ndiyo mafundisho ya roho, nayo yana thamani yake. Lakini mfano ni mfano. Anayeutoa rohoni na kuuweka juu ya ngozi za watu amewasaliti Mababa wenyewe.

6. Tufundishe namna gani?

Katika Kiswahili chetu cha Kongo, neno «muzuri» tunalisema juu ya chakula, juu ya sura, juu ya mtu mwenye roho njema, juu ya jambo linalofaa. Walimu wa lugha hulilaumu kwa upana huo. Lakini hapa linatusaidia, maana linafanana na «comely» na «naveh» kuliko maneno mengi ya Ulaya. Hata hivyo, tufuate kanuni hizi tatu.

Neno likisifu mtu, tuseme: mwenye sura nzuri, mwenye kupendeza. Likisifu tendo au desturi, tuseme: inafaa, inapasa, ni vema. Likiwa katika Wimbo 1, 5, tuseme: «mweusi, tena mzuri», kisha tusome aya ya 6 papo hapo, kabla wasikilizaji hawajaondoka na wazo baya.

Ile «tena» yetu ni neno dogo, lakini haiombi samahani kwa yeyote. Msichana atakayeisikia kanisani Jumapili ataelewa kwamba Kitabu Kitakatifu hakimwambii ajifute. Kinamwambia kwamba mwili aliopewa na Muumba, hata uliochomwa na jua la shambani, unafaa kusimama mbele za Mungu.