Fahamu: Uteuzi asilia ni nini, na selimundu inahusikaje?

Katika uteuzi asilia, viumbe wenye sifa za kurithi zinazofaa mazingira yao huzaa zaidi ya wenzao, na sifa hizo huenea kizazi baada ya kizazi. Hii ni njia mojawapo ya mageuko. Nadharia hiyo ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace ilitangazwa London mwaka 1858.

Mfano wa karibu

Anayerithi jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu, kwa wazazi wote wawili huugua, na zamani wengi walikufa wakiwa watoto. Mbona basi jeni hiyo haikutoweka?

Jibu ni malaria. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui selimundu, na vimelea vya malaria hustawi kwa shida katika seli zake nyekundu za damu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi mwaka 1954. Aliona jeni hiyo ni ya kawaida zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ilikuwa haba.

Panapokosewa

Kwenye majibu ya mitihani utasoma kwamba kiumbe “hujibadilisha ili aishi”. Sivyo. Jeni ya selimundu ilizuka kwa nasibu. Malaria haikuiumba, iliwapunguza wasiokuwa nayo. Kinachobadilika ni wingi wa jeni katika jamii nzima.

Malaria ikitokomezwa mahali, faida hiyo huisha na jeni huanza kupungua, ingawa polepole mno.