Chatu mwenye mimba hakula kuku wako



Mwaka jana mzee mmoja wa kata yangu alinipigia simu asubuhi: "Bwana shamba, mwizi wa kuku tumempata!" Nikawasha pikipiki. Nilipofika, chatu alikuwa ameshauawa kando ya kichuguu, tumbo limejaa. Vijana wakasema mle ndani kuna kuku si chini ya 3. Wakampasua. Hata unyoya haukuwemo. Mayai matupu, zaidi ya 30.

Nilijilaumu, maana jambo hili sikuwahi kuwafundisha.

Chatu jike akishika mimba, kwa kawaida huacha kula. Mayai yanajaza nafasi tumboni, mwili unakuwa mzito, kuvizia windo inakuwa shida. Muda mwingi anaota jua ili mayai yapate joto. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kabla ya mimba. Akishataga anajiviringisha kwenye mayai shimoni, anatoka kuota jua, kisha anarudi na joto lake. Watafiti waliowafuatilia chatu porini huko Afrika Kusini waliona majike wakimaliza zaidi ya miezi 6 bila kula, na kupungua karibu asilimia 40 ya uzito.

Utamtambuaje? Aliyemeza mnyama huwa na uvimbe mmoja, mara nyingi katikati ya mwili. Mwenye mayai hujaa sehemu ya nyuma, kuelekea mkiani. Lakini angalia ukiwa mbali! Kutokula si kutong'ata. Funga mbwa, ondoa watoto, mpigie afisa wanyamapori.

Sisemi chatu hali kuku. Asiye na mimba anakula, tena na mbuzi mdogo anameza. Ninachosema ni usihukumu kwa kuangalia tumbo.

Turudi kwa mzee. Wiki iliyofuata kuku 2 wakapotea tena. Usiku tukakaa na tochi, tukamwona kicheche akipenya chini ya mlango wa banda. Tukaziba upenyo kwa ubao, tukafunga wavu wenye matundu madogo madirishani, tukafyeka kichaka cha nyuma. Tangu hapo hajapoteza hata kifaranga.

Kazi ile ilituchukua nusu siku. Tungeifanya mapema, kuku wale 2 wangekuwepo, na yule mama naye angeangua mayai yake.

Leo jioni kagua banda lako. Tuonane shambani.