Kihifadhi Kinachoilinda Losheni na Kuiwasha Ngozi

Je, wajua kwamba kinachokuwasha ndani ya losheni huenda si manukato wala rangi, bali dawa iliyotiwa humo ili losheni yenyewe isioze? Mche wa sabuni hukaa miezi bila kuharibika kwa kuwa maji yake ni machache. Shampuu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vitambaa vyenye majimaji vya kumfutia mtoto, hata rangi ya ukutani, vyote vingeota bakteria na kuvu bila kihifadhi.

Kimojawapo ni methilisothiazolinoni, kwa kifupi MI. Tangu miaka ya 1980 kilitumika Ulaya kikiwa kimechanganywa na ndugu yake mwenye klorini, na baadaye mchanganyiko huo ukawekewa kikomo cha sehemu 15 katika milioni. Robo tu ya kiasi hicho ndiyo iliyokuwa MI. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukaruhusu MI kitumike peke yake katika vipodozi, hadi sehemu 100 katika milioni. Piga hesabu: ni zaidi ya mara 25 ya kiasi cha awali! Wakati huohuo watengenezaji wengi walikuwa wakizikimbia parabeni, ambazo nazo ni vihifadhi, kwa sababu wateja waliziogopa, ilhali parabeni huleta mzio kwa nadra sana. Kliniki za ngozi zikaanza kujaa wenye mzio wa MI.

MI huua vijidudu kwa kujibandika kwenye salfa iliyomo katika vimeng'enya vyao. Salfa ya namna hiyo imo pia katika protini za ngozi yetu. MI kikijishikiza hapo, seli za kinga huiona protini hiyo kuwa ngeni, huibeba hadi kwenye tezi za limfu, na huko seli T hujifunza kuitambua. Katika hatua hiyo mtu hahisi lolote. Anaweza kutumia shampuu ileile miaka mingi, kisha ngozi ikaikataa. Tena upele hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya kugusa, hivyo lawama huangukia samaki wa jana.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu huwa hauonekani vizuri. Tazama weusi uliozidi au rangi ya kijivu, ngozi iliyokauka na kuwa nene, na madoa yanayobaki muwasho ukishatulia. Ni jambo la kusikitisha kwamba picha nyingi katika vitabu vya tiba bado ni za ngozi nyeupe, kwa hiyo wengi wetu huchelewa kutambuliwa.

Ulaya ilipiga marufuku MI katika vipodozi vya kupaka na kuacha mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikashusha kikomo cha vile vya kusuuza hadi sehemu 15 katika milioni. Rangi za maji bado huwa nacho, na chumba kilichopakwa karibuni hukitoa hewani: mwenye mzio huweza kuvimba uso bila kugusa ukuta.

Kipimo cha mzio wa namna hii kilibuniwa na daktari Josef Jadassohn mwaka 1895. Vibandiko vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi hukaguliwa, na hukaguliwa tena siku chache baadaye. Seli zikishajifunza hazisahau, na hakuna dawa ya kuzisahaulisha. Mgonjwa hubaki kusoma lebo za kila chupa, akilitafuta neno methylisothiazolinone, ambalo kwa kawaida huwa karibu na mwisho wa orodha, kwa maandishi madogo.