Bwawa la nyumbani: Sakafu isipoonekana, mtoto asiingie

Masika yakianza Moshi, kati ya Machi na Mei, mabwawa ya kuogelea ya majumbani, kama yale ya Shanty Town, hubadilika haraka. Mvua huingiza majani na udongo, klorini hupungua nguvu, na baada ya siku chache maji huwa ya kijani.

Mzazi, ubaya wa maji hayo si harufu tu. Mtoto akizama humo, hata aliyesimama ukingoni anaweza asimwone.

Hivyo kila asubuhi tazama upande wenye kina kirefu. Usipoiona sakafu, siku hiyo hakuna kuogelea. Ondoa majani kwa wavu, sugua kuta kwa brashi, safisha chujio, kisha washa pampu. Pima maji: klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH iwe 7.2 hadi 7.8. Dawa iwekwe jioni, watoto wakiwa wamesharudi nyumbani. Usiichanganye kamwe na asidi, hutoa gesi ya sumu.

Ukimaliza, funga geti la uzio. Maji safi hukuonyesha mtoto aliyezama; geti lililofungwa humzuia asifike majini.